Pini na Sindano

Siku walipokutana alimchoma pini. Msichana alikuwa fundi cherehani, kaitwa langoni pa uwanja kuwabania wakimbiaji namba vifuani. Watu tele, vumbi, filimbi. Yeye na gauni lake la njano, lililombana panapostahili, akamfikia kijana mwenye miguu isiyokwisha. Pini ikapitiliza.

"Mama yangu wee!"

"Pole, kaka. Mwanamume mzima, pini tu?"

"Nikifa utanizika wewe?"

"Nitakushonea sanda. Bure."

Basi, mtu akishakuahidi sanda ya bure, utaachaje kumwomba namba ya simu? Miezi sita simu hazikupoa. Huyu akawa Miguu, yule Fundi, na Jumapili benchi moja kanisani, katikati yao pameachwa nafasi ya Biblia. Biblia ndogo.

Zikaja mbio kubwa. Asubuhi ile Miguu akapiga simu.

"Fundi wangu, niombee."

"Nikuombee hekima?"

"Omba ushindi. Hekima baadaye."

Hakumwambia kwamba kocha ameshamchoma sindano iliyokatazwa michezoni, na kwamba safari hii hata kuguna hakuguna. Akashinda. Jumapili akasimama mbele, medali kifuani: "Mungu ndiye aliyenibeba!" Kanisa likapiga makofi. Fundi alipiga hadi viganja vikamwasha.

Tangu hapo Miguu hakupokea simu. Kila jina la Fundi lilipowaka, alisikia yale makofi, akaigeuza simu kifudifudi. Siku ya tano Fundi akamfuata chumbani kwake, midomo kaipaka rangi ya ugomvi.

"Ni nani huyo mwanamke?"

"Hakuna mwanamke."

"Sema tu, nimshonee na yeye sanda."

"Nilichomwa dawa, Fundi. Sikushinda. Niliiba."

Fundi akaketi juu ya ndoo, maana kiti kilikuwa mbali.

"Yaani nimemshukuru Mungu kwa wizi?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Na makofi juu! Hukuomba kabla hujachomwa?"

"Niliomba baadaye. Ningeomba kabla, angenikataza. Nilijua."

Fundi alitaka kucheka, akalia.

Kesho yake waliketi nje ya ofisi ya chama cha riadha, medali imo ndani ya soksi.

"Tuombe kwanza," alisema Miguu. "Kabla."

Wakaomba. Akaingia peke yake. Alipotoka, mikono ilikuwa mitupu.

"Nimefungiwa miaka miwili."

"Na yule wa pili?"

"Wamempigia simu, medali ni yake. Nimemsikia akilia." Akainamisha kichwa. "Fundi, nenda zako. Mimi sasa mume gani?"

Fundi akapenga kamasi, akafungua mkoba, akatoa utepe wa kupimia.

"Umefungiwa kukimbia. Wamekufungia na kuoa?"

"Hapana."

"Basi simama nikupime suti. Na pini ikikugusa, piga kelele. Safari hii nataka kusikia."