WALIMMWAGA MKE WANGU KWENYE NGAZI ZA BARAFU

"Royce, usi…"

Sauti ikanikatikia hapo hapo.

Nilikuwa nimekaa juu kabisa ya zile ngazi za mawe, goti limegoma, siwezi kusimama wala kushuka. Chini yangu, kijana niliyemlea kwa mikono hii alikuwa ameshafungua kopo jekundu.

Akachota konzi. Akamwaga kwenye barafu. Akaikanyaga kwa buti.

Akachota tena…

Ndugu zangu mnaonisoma, mle koponi alikuwemo mke wangu.

Ngoja niwaeleze, maana mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha mapema nikaenda kukata mbao, na huko ndiko nilikozeekea. Mkiona nimeteleza, mnisamehe. Hata mada yenyewe ni ya kuteleza.

Mke wangu aliitwa Oleta. Alifariki msimu wa baridi wa juzi, humu humu msituni kwetu, milima ya kusini mwa Ohio, Marekani. Tangu tukiwa vijana alikuwa akisema akifa asizikwe. Achomwe, na majivu yake yapelekwe chini ya korongo, pale maporomoko yanapoangukia, kwenye lile bwawa la kijani.

Pale ndipo nilipomwomba anioe. Ndiyo, niliomba mimi, na nilijua kabisa kwamba mwenye uamuzi ni yeye.

Sasa sikiliza habari ya kopo.

Kila msimu wa baridi, hifadhi yetu hufanya matembezi ya kundi. Watu wanatoka mijini, wanaongozwa kupita mapangoni na kwenye mawe ya ajabu, wanashuka korongoni kuona maporomoko yaliyoganda, halafu wanamalizia na supu ya maharage na mkate wa mahindi kwenye masufuria makubwa. Oleta hakuwahi kukosa. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa akitangulia na kopo lake jekundu la kahawa, limejaa majivu ya jiko letu la kuni, ananyunyizia ngazi moja baada ya nyingine ili watu wasiteleze.

Hakuna aliyemtuma. Huku milimani hata mtoto anajua, barafu ikishika ngazi, unamwaga majivu. Hifadhi yenyewe ilikuwa na sanduku la majivu pale juu ya korongo.

Ndipo akaletwa mkuu mpya. Bwana Garrison Pell. Viatu safi, meno safi.

Bwana Pell akasema majivu yanachafua mawe. Akasema watu wanakuja kupiga picha za barafu nyeupe, hawaji kuangalia masizi. Sanduku likaondolewa. Ikatoka amri kwamba hakuna kuingia na majivu.

Oleta alifika getini na kopo lake kama kawaida. Akaambiwa aliache ofisini.

Na unajua aliyelipokea ni nani?

Royce. Mtoto wa kaka yake Oleta. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalala kwenye chumba chetu cha nyuma, akala sahani zetu, hadi alipopata kazi ya kuongoza watalii. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono akamwambia, "Anti, leo niachie hilo kopo, nisije nikafukuzwa kazi."

Oleta akamwachia. Angefanyaje? Alimpenda yule kijana kuliko kopo.

Akashuka na wenzake mikono mitupu.

Mimi sikuwepo, nilikuwa kazini. Nilichokiona baada ya kurudi nyumbani ni gari la hifadhi limesimama mbele ya nyumba, na mtu amevua kofia kabla hajabisha hodi…

Walinirudishia skafu yake, glavu ya mkono mmoja, na kopo. Limejaa majivu ya jiko, halijapungua hata kijiko. Halafu wakatangaza kwamba marehemu aliteleza ngazini kwa sababu hakuvaa viatu vinavyofaa.

Mwanamke aliyezitembea zile ngazi kabla Bwana Pell hajaota meno!

Nikaenda kuomba ruhusa nimpeleke bwawani. Bwana Pell alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa pole. Kisha akaniambia hairuhusiwi kumwaga kitu chochote ndani ya hifadhi.

Kitu chochote.

Nikachukua kofia yangu nikatoka. Unagombana vipi na mtu mwenye kiti, mhuri na lugha laini?

Nikakaa na Oleta nyumbani, yeye juu ya kabati. Alikuwa kwenye kiboksi cha plastiki walichonipa kule walikomchomea, kiboksi ambacho yeye asingekiwekea hata vitunguu. Mwaka huu siku ya matembezi ilipofika, nikamhamishia kwenye kopo lake jekundu. Nikalifunika, nikalitia begini.

Nikasema, potelea mbali, leo utafika.

Asubuhi ile palikuwa na baridi ya kukata masikio. Misonobari imeinama kwa theluji, watu wanapuliza viganja. Vile vyuma vya kufunga chini ya viatu, ambavyo ofisi huazimisha watu, vilikuwa vimekwisha. Kuna mama mmoja mnene wa jiji la Cleveland alikuja na raba za mazoezi. Royce akavua vyuma vyake mwenyewe akamfunga miguuni.

Hilo nililiona. Tangu msiba mimi na Royce tulikuwa tunasalimiana kwa kidevu tu. Bado alivaa lile koti lao la kijani, na mimi nikiliona koti lile nilikuwa naona mkono unapokea kopo.

Bwana Pell naye alikuja. Alitaka picha za msafara. Alivaa viatu vyake vile vile vya ofisini.

Tukaenda. Pangoni Royce akasimama akaeleza kwamba mawe yale yote zamani yalikuwa mchanga wa baharini. Mama wa Cleveland akauliza bahari ilikwenda wapi, na kama itarudi basi aambiwe mapema akachukue nguo za kuogelea. Watu wakacheka. Akanigeukia mimi.

"Na wewe mzee, mbona umelikumbatia hilo begi kama mkeo?"

Nikatabasamu nusu mdomo.

Tulipofika juu ya korongo, goti langu likafunga. Nikakaa kwenye jiwe. Chini niliyaona maporomoko yamesimama kimya, nguzo nene ya barafu, na nyuma yake maji yananguruma kwa ndani kama mtu aliyefungiwa. Bwawa lilikuwa pale. Ningeweza kurusha jiwe likatua.

Lakini ngazi… zilikuwa kioo kitupu.

Kundi likaanza kushuka kwa makalio, wameshikilia ukingo wa chuma. Royce akanijia, akainama.

"Anko, wewe usishuke. Nisubiri hapa."

Halafu akaona mfuniko mwekundu umechungulia begini. Uso wake ukabadilika.

"Umelileta kopo la Anti?"

"Ndiyo."

Akatazama huku na huku, akashusha sauti. Akaniambia nimpe, atanyunyizia ngazi kabla mtu hajaumia, na Pell akiuliza atajibu yeye.

Alidhani ni majivu ya jiko. Mtu yeyote wa huku angedhani hivyo. Kopo lile halikuwahi kubeba kingine.

Nikafungua mdomo nimweleze.

Ukapigwa ukelele.

Bwana Pell alikuwa anarudi kinyumenyume ili kundi lote liingie kwenye picha. Kiatu kikateleza. Akaanguka, akateleza kwa mgongo, akapita upande ambao ukingo umevunjika (ukingo ambao tulishalalamikia, lakini nani alisikiliza?) na akaishia ameshika nguzo ya chuma kwa mikono miwili. Miguu inaning'inia hewani. Chini yake ni mawe.

Waliokuwa karibu hawakuweza hata kusimama. Aliyejaribu aliteleza, akadakwa na wenzake. Vyuma vya Royce viko miguuni mwa yule mama, na yule mama yuko chini kabisa, amegandia ukutani, hawezi kuja wala kwenda.

Royce hakuniuliza tena. Alilinyakua begi mapajani kwangu akashuka.

Hapo ndipo mliponikuta mwanzo.

Konzi moja, hatua moja. Majivu ya mtu, kama hujawahi kuyashika, si laini kama ya kuni. Yana punje, kama mchanga. Yaling'ang'ania barafu vizuri kuliko majivu yoyote niliyowahi kuyaona.

Katikati ya ngazi Royce akasimama. Kuna kitu kidogo kilimeta vidoleni mwake. Akakitazama. Akalitazama kopo. Kisha akainua macho hadi kwangu.

Wasomaji wangu, mimi ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kusema, acha, huyo ni Oleta.

Nikaitazama mikono ya Bwana Pell. Glavu moja ilikuwa inamvuka taratibu.

Mtu aliyemnyima mke wangu majivu. Mtu aliyeninyima mimi kumzika. Na kilichobaki cha mke wangu duniani ndicho hicho, kinataka kumwagwa kwa ajili yake!

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikaa tu pale kama gogo.

Royce akainamisha kichwa. Akamwaga yote. Akaligonga kopo kitako ili litoke hata la mwisho. Akapiga hatua, akamdaka Bwana Pell kwenye kola, watu wakaunganisha skafu zao wakamvuta Royce kiunoni, na wote wawili wakarudi juu ya ngazi.

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama ile mistari ya kijivu kwenye barafu, jinsi walivyokuwa wakiikanyaga wakipanda.

Kwenye masufuria ya supu, Bwana Pell alinijia amejifunika blanketi. Anatetemeka, lakini meno bado safi. Akaniambia majivu yangu yameokoa maisha yake, na kwamba hatanisahau. Huku anaongea, anajipangusa suruali. Pa, pa, pa. Vumbi jeupe linaruka.

"Usijipanguse," nikamwambia.

"Si kitu, mzee, ni vumbi tu."

Akaendelea kujipangusa.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka… nilikuwa nimeshayapanga maneno tangu niko juu ya jiwe. Lakini nilipomtazama, midomo imekuwa ya bluu, mkewe amemshika mkono analia, maneno yakaniishia. Nikabaki na bakuli la supu inayopoa. Mnyonge hata hasira yake inamkimbia siku anayoihitaji.

Baadaye Royce akaja akakaa kando yangu. Akaliweka kopo tupu kati yetu. Kisha akafungua kiganja.

Kilikuwa kisahani kidogo cha chuma chenye namba. Wanakiweka pamoja na maiti wakati wa kuchoma, ili majivu ya huyu yasichanganywe na ya yule.

Kumbe alijua.

"Nilikipata kopo halijafika nusu, Anko."

"Na ukaendelea?"

Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Siku ile getini nilimpokonya Anti hili kopo nikalifunga. Leo nilishindwa kulifunga mara ya pili."

Sikumkumbatia. Nisiwadanganye, hii si sinema. Nilimsogezea tu supu yangu, akanywa.

Wiki ile ile sanduku la majivu likarudi juu ya korongo. Jipya, limepakwa rangi, na juu yake wamebandika kibao kwamba uongozi unajali usalama wenu. Bwana Pell amepiga picha kando yake. Jina la Oleta halipo. Ukingo bado umevunjika.

Theluji ilipoyeyuka, Royce alinishika mkono akanishusha ngazi moja moja. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya yale mawe, yanakusanya kila kilichoachwa na msimu wa baridi, yanakishusha hadi chini kwenye bwawa la kijani.

Nikasimama pale ukingoni nikaangalia.

Amefika. Amepita juu ya ngazi zao, mbele ya mkuu wao, na kibali chao hakuomba.

Wewe uliyepewa kiti na mhuri, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujamkataza mtu jambo alilolifanya miaka yote, muulize kwanza linazuia nini. Usisubiri afe ndipo ujibiwe. Na wewe unayetumwa tu, kama Royce, iko siku utapokea kopo la mtu getini. Angalia vizuri ni la nani.

Royce alinishauri kile kisahani nacho nikitupe bwawani, kiwe naye.

Nikakirudisha mfukoni.

Nikamwambia hairuhusiwi kumwaga kitu chochote ndani ya hifadhi.