Kushoto Kweupe

Mkoba ulikuwa juu ya kitanda, zipu wazi. Pasipoti ilikuwamo, na viza ya miaka mitatu imebandikwa ndani yake. Fedha za safari zilikuwamo pia. Zilizotoweka ni leseni: ile ya kawaida ya udereva, pamoja na kijitabu cha leseni ya kimataifa.

"Ndege ni kesho asubuhi," dereva alisema. "Kampuni ya malori imeshanieleza. Nisipofika na leseni, nafasi anapewa mwingine."

Inspekta alichuchumaa akakagua komeo la dirisha. Halikuguswa. Kitasa cha mlango nacho hakikuwa na mkwaruzo. Mwizi alikuwa wa humuhumu ndani. Inspekta huyo wa kike alizichukia kesi za namna hiyo. Ukishamkamata mtu, unaiacha nyumba nzima ikilia.

Alianza na mke wa dereva.

"Ulitaka aende?"

"Hapana."

"Ulimwambia?"

"Tangu siku aliyoomba viza. Miaka mitatu, afande, na mimi nina mimba." Alijifuta macho kwa kiganja. "Lakini mimi si mjinga. Ningetaka kumzuia, ningeichoma pasipoti. Leseni ya nini?"

Inspekta aliona hoja yake. Pasipoti ingezuia safari. Leseni ilizuia usukani tu.

Sebuleni alikuwapo baba wa dereva, mstaafu wa malori, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Breki kwa kuwa hakuwahi kugonga hata kuku.

"Mzee, uliingia chumbani kwa mwanao leo?"

"Naingia kila siku. Nyumba yangu."

"Unamshuku nani?"

"Andika majini, afande. Hao hawaji kituoni kukanusha."

Utani ulitoka mkavu, na mwenyewe hakucheka.

Inspekta aliwaomba baba na mwana waende kituoni kuandikisha maelezo. Wakatumia gari la mzee. Mwana alishika usukani, mzee akaketi kushoto kwake, inspekta akakaa nyuma.

Penye njia panda ya kwanza mzee alisema taratibu, "Kushoto kweupe." Dereva akakata kona bila kugeuza shingo.

Mbele kidogo: "Baiskeli kushoto. Ngoja. Haya, kweupe."

"Mnaendesha wawili?" inspekta aliuliza.

"Mazoea ya malori," mzee alijibu haraka. "Utingo humwangalizia dereva upande wake."

"Hili si lori, mzee."

Mzee aliendelea kutazama barabara.

Walipoingia uani mwa kituo, inspekta alisema, "Mzee, hamia huku nyuma. Mwanao alizungushe gari hapa uani, peke yake mbele."

Dereva alimtafuta baba yake kwenye kioo. "Ya nini hayo, afande?"

"Zungusha tu. Polepole."

Gari lilizunguka. Ndoo ya mfagiaji, iliyokuwa upande wa kushoto mchana kweupe, ilipondeka chini ya gurudumu. Dereva alisikia mlio, akafunga breki, akageuka kuitafuta. Aligeukia kulia.

Mzee akafunika uso. "Basi, afande. Inatosha. Leseni zimo chini ya kile kiti changu cha mbele."

Ofisini alitoa maelezo yake akitazama sakafu.

"Jicho lake la kushoto lilianza kuzimika mwaka juzi. Kazi ya ng'ambo ikataka cheti cha macho. Ubao wa herufi pale kliniki ni uleule siku zote. Nikajifanya nakwenda kupimwa mimi, nikaukariri, nikamkaririsha jikoni kama mtoto wa chekechea. Akafaulu. Siku hiyo tulicheka mpaka tukalia."

"Nini kilikubadilisha?"

"Chafya. Wiki iliyopita, karibu na soko, nilipiga chafya, afande. Chafya tu. Nilipofumbua macho, mama na mwanawe walikuwa mbele ya bampa, upande wangu. Nikavuta breki ya mkono. Sasa kule, kwenye lori la tani thelathini, nani atamwangalizia upande ule?"

"Ungeniambia, baba," mwana alisema.

"Nilikuambia. Ukasema nimezeeka, naogopa vivuli."

Dereva aliinamisha kichwa.

"Ningemshtaki vipi?" mzee alimwuliza inspekta. "Mlango ule nilimfungulia mimi kwa mkono wangu. Nikaona heri anichukie akiwa hapa."

Inspekta aliziweka leseni mbili juu ya meza.

"Wizi huu naweza kuumaliza kifamilia," alisema kwa upole. "Jicho siwezi. Nitatoa taarifa kwa waliompa leseni."

Kisha dereva akasema, "Naomba nizishike mara moja tu."

Alinyoosha mkono. Vidole vilitua kando, juu ya mbao tupu, vikapapasa.

Mzee alimtazama. Midomo yake ikafunguka kwa mazoea.

"Kushoto kidogo, mwanangu."