Wafu Hawafungui Ramani

Harufu ilianza mchana, jua likiwa utosini: harufu ya udongo wa shamba la mpunga uliotoka kulimwa, ndani ya chumba cha seva kisicho hata na dirisha. Theodori alikagua sakafu, akaikuta kavu. Akajiambia ni mvua za bonde la Mto Lumemo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mvua ya kusingizia.

Seva ile aliichagua yeye. Ofisi yao iliweka ramani za bonde mtandaoni, na alipewa mashine mbili achague: kubwa, yenye uwezo wa kubeba ramani nzima, lakini ingefika baada ya masika, na ndogo, iliyokuwa tayari mezani. Theodori alitaka ramani ionekane siku ya uzinduzi, wageni wampigie makofi. Akachukua ndogo. Ikaelemewa, kurasa hazifunguki, basi akaanza kuipunguzia mzigo, akifuta tabaka moja la ramani baada ya jingine, mpaka akafika kwenye tabaka la makaburi.

"Hayo tuliwaahidi watu tutayatunza," alisema Joshua, mwenzake wa ofisini.

"Wafu hawafungui ramani," Theodori alijibu, wakacheka wote wawili. Akafuta. Na nakala akaifuta pia, ili diski ipumue.

Aliyeahidiwa zaidi ya wote ni Bi Paskalina wa Katindiuka. Huko mafuriko huondoka na misalaba, na makaburi ya kando ya mashamba hubaki kichwani mwa wenyewe tu. Mama huyo alimtembeza Theodori peku kwenye matope, naye akipima mahali pa kila kaburi kwa kifaa chake cha GPS. "Hapa ni mume wangu. Hapa Evelina wangu, alikuwa hajaanza shule. Andika vizuri, baba, macho yananiacha." Kisha msimu wa kulima ulipofika, dereva wa trekta la kukodi alifungua ramani kwenye simu, akaona eneo tupu, akalima.

Baada ya harufu ikaja sauti. Feni za seva zikawa zinavuta pumzi na kuishusha kama mtoto mwenye mafua. Kisha kwenye skrini maombi ya kufungua ramani yakaanza kumiminika, yote yakiulizia tabaka la makaburi, yote yakitoka ndani ya mashine yenyewe, na Theodori alipochomoa waya wa mtandao, akachomoa na wa umeme, taa zote zikazimika lakini pumzi ile ikaendelea gizani, chini chini, karibu na magoti yake, kwenye kimo cha mtoto ambaye hajaanza shule.

"Hilo ni jini, kaka. Toka," Joshua alinong'ona mlangoni, hathubutu kuvuka kizingiti.

"Si jini," alisema Theodori. "Huyu namjua."

Akamfuata Bi Paskalina, akamwamkia, akamweleza yote bila kuficha. Mama alikuja na unga umefungwa kwenye pindo la kanga. Akaunyunyiza mbele ya seva, akaita kwa upole, "Evelina, mama nimekuja. Toka humo, twende nyumbani."

Pumzi ikasimama. Mama akatega sikio kwa muda, kisha akamgeukia Theodori.

"Anauliza nyumbani ni wapi. Nimwambie nini, baba?"

Shamba lilikwisha kulimwa, likasawazishwa, likajaa maji. Vipimo vilikuwa mahali pamoja tu duniani, na yeye ndiye aliyevifuta. "Sijui, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Nimepapoteza."

Bi Paskalina hakumgombeza, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. "Basi atakaa na aliyempoteza," alisema, akafunga pindo lake, akaondoka.

Kesho yake chumba cha seva kilikuwa kimya, hakina harufu yoyote. Joshua akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mchana Theodori alikwenda kula nyumbani. Yeye na mkewe, Ursula, hawakuwa na mtoto. Ursula alipakua wali kwenye sahani mbili, kisha, bado akisimulia habari za sokoni, akachukua kibakuli kidogo, akakijaza, akakiweka mkekani kati yao.

Theodori alisogea akaacha nafasi, akavuta sahani ya perege, akaanza kuchambua miiba, minofu akiiweka kwenye kibakuli.