Asiye na Chenga

Ilianza harufu ya tope bichi, mchana kweupe, ndani ya studio ya video iliyo juu kilimani Ngara mjini, msimu ambao hata vumbi lilikuwa limekauka. Danstan akainua viatu, akatazama soli. Safi.

Akairudia kompyuta. Nyuma yake alikaa mama Generoza wa Nyamahanga, pamoja na binti yake Keza, bibi harusi wa mwezi uliopita. Jioni ya sherehe, umeme ulikatika baba yake, mzee Telesfori, akiwa ndiyo kwanza anambariki Keza. Siku tisa baadaye mzee akafa. Video nyingine yake hawakuwa nayo.

"Mama, kosa ni langu," Danstan alisema. "Taa ya kamera nilikuwa nayo. Niliizima, nikatunza betri kwa ajili ya keki. Mungu anisamehe."

"Na keki yenyewe ilikuwa mbichi," Keza akacheka.

"We niangazie tu, mwanangu," mama alisema. "Nimwone."

Danstan hakufanya pupa. Ukivuta mwanga wa picha nzima kwa mkupuo, chenga, vile vidoadoa vinavyochezacheza kwenye picha, hutoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Aliinua sehemu za giza peke yake, kidogo kidogo, kisha akaiachia programu ilinganishe picha kwa picha: kilichotulia ikisafishe, kinachotikisika ikiache. Ndiyo maana hata mtu aliyesimama kimya hubaki na chenga kifuani. Anapumua.

Uso wa mzee ukatokea, umejaa chenga, lakini ndiye.

Nyuma yake akatokea mwingine.

Huyo hakuwa na chenga hata moja. Danstan akapeleka mbele, akarudisha nyuma, akatafuta kifua kinachopanda na kushuka, akakiri moyoni kwamba Jumapili mbili hakuonekana misani, akaongeza mwanga nukta moja akiomba kiwe kivuli cha nguzo ya turubai, na kila alipoongeza watu wote walizidi kuchafuka isipokuwa yule, mrefu, anachuruzika maji, ametulia kama aliyechongwa, mkono mmoja begani kwa mzee, na uso wake ukiwa bado mweusi pale ambapo giza lingine lote lilikwisha kuondoka.

"Mama," akanong'ona, "naomba nifute. Hiki si cha kuonyesha watu."

"Usifute." Mama Generoza alikuwa ameinama kwenye kioo cha kompyuta, na hakuwa akimtazama mumewe. "Huyo namjua. Alimshika mzee siku tulipovuka mto pale Rusumo, hakumwachia mpaka kaburini. Sikuja kutafuta uso, mwanangu. Mkono wa pili ameuweka kwa nani?"

Danstan akaishika rozari, akaongeza nukta ya mwisho. Vidole virefu vililala juu ya shela, begani kwa bibi harusi.

"Mnaangalia nini nyie?" Keza aliuliza, akivuta kiti karibu. "Mbona mimi naona giza tupu?"

Mama Generoza akageuka kumtazama. Naye, akisubiri, alikuwa akilisugua bega lake la kushoto, taratibu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji sasa hivi.