Pembe Moja Iliyogoma

Lifti ya hospitali ilikuwa imegoma tangu asubuhi, watu wamebanana ukumbini, kila mmoja analalamika kwa sauti yake. Binti muuza dawa, na gauni lake la bluu la kazini, alikaa kando ya baba yake akizungusha mchemraba wa rangi, kile kidude cha kupanga mpaka kila upande uwe na rangi moja. Daktari ndiye aliyempa mzee, azoeze vidole vilivyolegezwa na kiharusi. Mzee huuvuruga, binti hujaribu kuupanga, na wote wawili hawaujui.

"Dada, hapo unajisumbua bure. Anza na msalaba mweupe."

Aliyesema hivyo alikuwa fundi lifti, ovaroli imejaa grisi mpaka kifuani.

"Wewe tengeneza lifti kwanza, watu wanakufa na ngazi!"

"Nikiitengeneza utaondoka. Haraka ya nini?"

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Basi, mambo yakaanzia hapo.

Kila jioni simu ya binti ikawa inalia, Fundi anapiga.

"Muuza dawa wangu, umefika wapi?"

"Safu ya pili. Hivi unanifundisha au unanichumbia?"

"Vyote. Ukimaliza safu ya mwisho, naleta wazee wangu kwenu."

Alisema kwa mzaha, lakini binti hakulala vizuri kwa furaha.

Alasiri moja aliwahi kurudi kutoka kazini. Akachungulia mlangoni, akamkuta baba yake ameinama. Mchemraba ulikuwa umemdondoka, pembe moja imechomoka, naye anaisukuma irudi kwa mkono ule mzima huku machozi yanamtiririka. Maskini, mzee yule alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba mkono unapata nguvu tena. Binti akarudi nyuma kimyakimya, akakohoa nje, kisha akaingia kama hajaona kitu.

Kuanzia hapo safu ya mwisho ikagoma. Rangi zote zinakaa mahali pake isipokuwa pembe moja, imejipindua peke yake, na kila akiirekebisha anavuruga nyingine.

Jumapili Fundi akaja, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Mzee alikuwa kitini pake, blanketi magotini. Fundi akauzungusha mchemraba kidogo tu, uso ukambadilika.

"Huu umefunguliwa. Pembe moja peke yake haiwezi kukaa hivi kwa kuzungusha, haiwezekani kabisa. Uliichomoa ukairudisha vibaya?"

"Sikuichomoa."

"Mpenzi, sikuli. Sema tu."

"Nimeshasema."

"Nani basi, paka?"

Mzee aliinamisha macho. Binti akautazama mkono wa baba uliolala juu ya blanketi, akammiminia Fundi chai.

"Mtu anayenidanganya kwa kidude cha watoto," Fundi akasema akisimama, "kwa mambo makubwa itakuwaje?"

Akaondoka, chai hata hajaigusa.

Simu haikulia tena. Binti alihudumia wagonjwa akitabasamu, kisha anajificha nyuma ya rafu za dawa na kulia kama mtoto. Nyumbani mzee akiuliza, anajibiwa, "Fundi ana kazi nyingi, baba." Lakini mzee alilegea mwili, si akili. Siku moja binti alitoka kuoga akamkuta baba ameshika simu ya bintiye sikioni, maneno yanamtoka kwa shida.

"Ni mimi... niliuangusha mimi. Mwanangu aliniona... akanisitiri."

Kumbe baba alijua siku zote kwamba alionwa! Binti akajifuta uso kwa taulo.

Kesho yake Fundi alifika mlangoni anahema, na ovaroli yake ileile.

"Nisamehe, roho yangu. Nilikuwa mpumbavu. Wazee wangu wako tayari, hata Jumamosi hii."

"Baba amesema, ukaamini."

"Ndiyo, kaniambia yote."

"Mimi nilipokwambia, sikuwa na mdomo?"

"Aa, mpenzi, ile ilikuwa hesabu tu. Mchemraba naujua."

"Na mimi, ulikuwa unanijua?"

Fundi akapangusa mikono kwenye ovaroli. Binti alimpenda, tena sana, na hicho ndicho kilichomuuma. Alitamani kukiegemea kile kifua kichafu ayamalize. Lakini aliwaza miaka iliyo mbele, kila siku akiomba shahidi wa kumsemea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Waambie wazee wako wasije."

"Jumamosi hii?"

"Jumamosi yoyote."

Akafunga mlango taratibu. Alisikia viatu vikisita pale nje, vikasita tena, kisha vikashuka ngazi.

"Nani huyo, mwanangu?" baba akaita kutoka chumbani, sauti imejaa matumaini.

Binti akavuta pumzi mpaka sauti ikakaa sawa.

"Fundi, baba. Amepita kukusalimia. Anasema mambo yamekwisha, amekushukuru sana."