Taulo la Bluu la Baba Chiriku

"Baba Chiriku, umekunywa dawa zangu?"

"Dawa gani?"

"Zile nilizopewa zahanati. Zimepungua."

Upande wa pili wa simu zilisikika kelele za minyororo na mtu akigonga chuma. Baba Chiriku ni fundi wa lifti, na mchana huo alikuwa ndani ya shimo la lifti, tochi kichwani.

"Mke wangu, mimi siumwi. Ninywe dawa zako za nini?"

"Nesi alisema na wewe uende upewe zako."

"Tumeshalizungumza hilo. Sina mwasho, sina maumivu, sina lolote. Ni hayo mashuka ya watu unayoyafua. Niache nifanye kazi, niko pabaya hapa."

Simu ikakatwa. Mama Chiriku akabaki ameketi ukingoni mwa kitanda, pakti ya vidonge mkononi. Aliambiwa anywe asubuhi na jioni kwa wiki nzima bila kuruka, naye hakuruka. Lakini pakti ilikuwa imenyofolewa kuliko alivyoinyofoa yeye. Nyumba hiyo ina watu watatu tu. Yeye hakuzidisha, mume hakugusa, kabaki mmoja, na huyo mmoja ana miaka kumi na sita.

Sasa ngoja nikupe habari za nyumba hii, usije ukamlaumu mtu kabla ya wakati. Mama Chiriku ni dobi. Anafua mashuka na mataulo ya gesti mbili pale mtaani, na kazi hiyo ilimfanya aweke sheria moja kali: kila mtu na taulo lake. La baba bluu, la mama jekundu, la binti njano. Ole wako ukosee. Na binti alipoanza kukua na kuuliza maswali ya magonjwa ya zinaa, mama aliona haya, akajibu kwa mkato: "Hayo yako kwenye mataulo ya watu na vyoo vya watu. Kaa navyo mbali." Basi, somo likaishia hapo, mama akapumua.

Siku chache kabla ya simu ile akaanza kuumwa chini ya kitovu. Zahanati wakampima, wakamwambia ana klamidia. Yeye mwenyewe akakimbilia kuyalaumu mashuka ya gesti, nesi akatikisa kichwa. "Mama, huu hauji kwa mashuka. Mtu anaupata kwa kulala na mtu aliye nao. Mlete baba naye atibiwe, la sivyo utapona leo akupe tena kesho."

Alirudi nyumbani akamweleza mumewe, na mumewe akampiga kwa fimbo yake mwenyewe: "Si wewe unayesema kila siku mataulo yanaambukiza?" Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tangu siku hiyo walilala kila mtu kaupa ukuta uso.

Chiriku aliporudi shuleni, alikuta mama kakaa mezani, kazi hazijaguswa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Jina la Chiriku hakupewa bure. Mtoto huyo huanza kusimulia ya darasani akiwa bado getini, na baba yake humtania kwamba siku akinyamaza ataitwa daktari. Lakini siku hizo alikuwa kimya, na kikombe chake alikuwa akikiosha peke yake kwa maji ya moto. Mama aliona, akadhani ni mitihani. Sasa yalimrudia yote.

"Ni nani?"

"Nani, mama?"

"Huyo mvulana."

"Hakuna mvulana."

"Kwa hiyo dawa zangu kanywa paka?"

Chiriku akainamisha kichwa.

"Nilikunywa mimi. Nisamehe, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu na mimi ninao."

Mama Chiriku akaishika meza kwa mikono miwili. Kwa muda mfupi huo alimwona mwanawe tumboni mimba, tumboni maradhi, jina lake mdomoni mwa mtaa mzima. Alitaka kupiga kelele, akajikaza kisabuni.

"Nani kakupima?"

"Sijapimwa. Lakini nilitumia taulo la baba."

"Ulitumia nini?"

"Taulo la baba, lile la bluu. Langu lililowa mvua kambani, nikachelewa shule, nikachukua lake. Halafu nikawasikia chumbani, wewe ukisema una ugonjwa, baba akisema ni mataulo." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Nilisoma kwenye simu kwamba usipotibiwa unaweza kuharibu kizazi. Nikaogopa kukwambia, ungeuliza kwa nini nimegusa taulo la mtu. Nikachukua kidonge kila siku. Vinanitapisha, mama."

Mama Chiriku hakujua acheke au alie. Akainuka, akamkumbatia mwanawe kichwa kifuani, akamsugua mgongo kama alivyokuwa akimsugua alipokuwa mchanga.

"Huna ugonjwa wowote, mwanangu. Taulo haliambukizi klamidia. Choo hakiambukizi klamidia. Nilikwambia hivyo kwa sababu niliona aibu kukwambia lililo kweli."

"Haliambukizi kabisa?"

"Haliambukizi. Ungetumia taulo la mtaa mzima usingeupata."

Chiriku akajitoa kifuani. Badala ya kutulia, uso ulimbadilika zaidi.

"Mama, nimewaambia wenzangu."

"Umewaambia nini?"

"Yule rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja ana mchumba. Aliniuliza atajilindaje. Nikamwambia mama yangu ni dobi, anajua, cha muhimu kila mtu awe na taulo lake. Akanunua taulo. Huwa wanakutana, na anasema hana wasiwasi kwa sababu ana taulo lake."

Mama Chiriku akakaa tena. Uongo wake mdogo wa kukwepa aibu ulikuwa umetoka nje ya geti, umevaa sare ya shule, unatembea.

"Sasa, mama," Chiriku akauliza kwa sauti ndogo, "kama si taulo, wewe uliupataje?"

Akisema kweli, anamvua baba nguo mbele ya mtoto. Akisema uongo, anamrudisha mtoto na mwenzake kwenye mataulo. Akamtazama mwanawe, akasema:

"Swali hilo lina mwenyewe. Atakuja jioni."

Akachukua simu, akaandika: "Rudi mapema. Mtoto ndiye aliyekunywa dawa zangu."

Hata hakuiweka chini, ikaita.

"Kafanya nini? Nani huyo kijana? Nitajie jina tu, nitamvunja miguu."

"Huyo kijana ni taulo lako la bluu."

"Unasemaje?"

"Mtoto alijifutia taulo lako. Akakusikia unasema ugonjwa ni mataulo, akajiona kaambukizwa, akaanza kujitibu mwenyewe kwa siri. Njoo, Baba Chiriku. Maji yamezidi unga."

Nyundo za kule shimoni zilikuwa zimesimama.

"Nakuja," akasema.

Alifika jua likiwa bado juu ya mapaa, ovaroli imemlowa grisi. Mkewe alikuwa uani akianua mashuka. Miaka yote ya ndoa yao, mashuka ya jioni huyakunja wawili, huyu pembe hizi, yule pembe zile, wanavuta, wanakutana katikati. Ndiko walikokuwa wakitaniana na kupangia maisha. Bila kuambiwa, Baba Chiriku akanawa mikono, akashika pembe zake.

"Yuko wapi?"

"Ndani. Anakungoja umjibu."

"Nimjibu nini?"

"Ameuliza kama si taulo, mama yake aliupataje."

Wakavuta shuka. Wakakutana katikati, macho kwa macho, naye akayakwepa.

"Mwambie tu ni mambo ya wakubwa."

"Nilimkwepa hivyo miaka mitatu. Matokeo yake anameza dawa zisizo zake, na mwenzake darasani anajilinda kwa taulo."

"Mke wangu, mbona unanisukuma ukutani? Huenda kweli ni..."

"Ingia ndani ukamwambie ni taulo. Mwangalie usoni, umwambie yeye. Ukiweza, nami nitaamini, na sitauliza tena mpaka nakufa."

Shuka likamponyoka pembe moja.

"Unakumbuka tulivyokutana?" mkewe akaendelea, sauti sasa imeanza kukatika. "Lifti ya ile hoteli ilikwama tukiwa wawili ndani, mimi na kapu langu la mashuka. Nilikuuliza itafunguka saa ngapi. Wewe ni fundi, ungeweza kunidanganya. Ukasema, sijui, dada, hata mimi naogopa. Hapo ndipo nilipokupenda. Huyo mtu namtafuta siku zote hizi simwoni."

Baba Chiriku akafuta uso kwa mkono wa ovaroli, akaingia ndani. Mkewe akamfuata hadi mlangoni, shuka limemlemea mikononi. Alimjua mumewe kwa maneno matamu. Aliogopa ataweza kumdanganya mtoto.

Chiriku alikuwa mezani. Aliinua macho.

"Baba, ni taulo?"

Baba akavuta kiti, akakaa.

"Si taulo, mwanangu."

Mlangoni, mama akaegemea fremu.

"Ni mimi. Ile kazi ya lifti ya mji wa pili, nilipokaa kule mwezi, nililala na mwanamke mwingine. Nikaupata kwake, nikauleta humu, nikampa mama yako. Mama yako hana kosa. Na mimi nikamwachia lawama akae nazo na mashuka yake."

Chiriku hakulia. Alimtazama baba yake kama anamkadiria upya.

"Huyo mwanamke alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa mzima, nadhifu kuliko sisi wote hapa. Hata yeye huenda hajui. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu, mtu anatembea nao bila dalili. Mimi mpaka leo siwashwi, siumwi, ndiyo maana nilijipa moyo kwamba sina."

"Kwa hiyo ukimwangalia mtu huwezi kujua."

"Huwezi. Mpaka apimwe."

"Na kondomu, baba?"

Baba Chiriku akatazama meza. Kuulizwa hivyo na mtoto wako si jambo dogo.

"Sikuvaa. Nilijiona mjanja."

"Ungevaa?"

"Ningeivaa kila mara, na vizuri, huenda tusingekuwa hapa."

"Mwambie vyote," mama akasema kutoka mlangoni. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mwambie kondomu inakinga sana lakini si yote. Mengine kama kaswende na malengelenge yanapita hata ngozi za sehemu za siri zikigusana pale kondomu isipofunika, au kwa mdomo. Mengine mama humpa mtoto akiwa tumboni. Nesi alinieleza, na mimi nilipaswa kukueleza zamani, Chiriku. Anayesubiri, asubiri. Anayeanza, wapimwe wote wawili kwanza, na kondomu isikosekane. Lakini taulo, hapana."

Chiriku aliwatazama wote wawili kwa zamu.

"Mtaachana?"

Baba ndiye aliyeanza kuinuka, akageukia mlangoni.

"Mama Chiriku, nimekukosea. Sina cha kujitetea."

"Najua."

"Kesho naenda zahanati. Na huyo mwanamke nitampigia simu, wewe ukisikia, nimwambie akapimwe. Halafu namba yake naifuta."

"Utalala sebuleni."

"Mpaka lini?"

"Ugonjwa, nesi ndiye atakayesema umekwisha. Huo uongo wako, mimi ndiye nitakayesema umekwisha. Sijakusamehe, Baba Chiriku. Lakini huyu aliyekaa kwenye kiti hicho sasa hivi namfahamu. Sitamfukuza."

Akageuka aende uani kuficha machozi, akakumbuka bado ameshika shuka. Baba Chiriku akamfuata taratibu, akashika pembe zake. Wakakunja bila neno.

Asubuhi walikwenda zahanati watatu. Nesi alimpa baba dawa zake, akamwanzishia mama dozi upya, akawaambia wasikutane kimwili mpaka wote wamalize. Kisha akamgeukia Chiriku, akamwambia hana lolote la kutibiwa, ila dawa ya mwenzio si dawa yako hata mkilala chumba kimoja.

Jioni hiyo Baba Chiriku alikunywa kidonge chake mezani, mbele ya wote, bila kuambiwa. Chiriku alikuwa kwenye simu, na sauti yake ilijaa nyumba nzima kama zamani.

"Nisikilize, usikate. Lile la taulo nilikudanganya. Hapana, sikukusudia, hata mimi nilidanganywa. Ugonjwa hauingii kwa taulo, unaingia mkilala. Hata kama anaonekana mzima. Hata kama wewe huumwi. Baba yangu... basi tu, najua ninachosema."

Akasikiliza. Akaiweka simu kifuani.

"Mama, analia. Anasema amechelewa kujua. Kwao hana wa kumwambia. Anauliza kama anaweza kuongea na wewe."

Mama Chiriku alikuwa na mikono ya povu hadi viwikoni. Alijipangusa kwa kitambaa cha karibu, na kitambaa hicho kilikuwa taulo la bluu, wala hakuliangalia mara mbili. Baba Chiriku akamsogezea kiti. Akakaa, akapokea simu.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Niambie yote. Sitaona aibu."