Mwana wa Marehemu Sooronbek

Lexus nyeusi ilikata kona ya darajani kwa kasi. Kondoo wakatawanyika, mchungaji akabaki na laana mdomoni.

Nyuma yake, ndani ya Niva iliyochakaa, Perizat hakuongeza mwendo. Alijua gari lile linakokwenda.

Simu ya upepo ilikoroma. "Mwewe, chai haijachemka. Usiguse birika."

"Nimekupata."

Maana yake, asimkamate Haak, mwenye Lexus ile, mpaka muhuri wa msajili upigwe. Kama jasusi mkongwe, Perizat hakuipenda amri hiyo, ila aliielewa.

Lorenz Haak alikuwa mwambata wa biashara katika ubalozi mmoja mjini Bishkek. Biashara yake hasa ilikuwa makombora ya begani, aliyoyapitisha milimani na kumuuzia yeyote mwenye adui. Perizat aliwahi kumkamata mikono ikinuka grisi ya silaha. Haak alitoa pasipoti ya kidiplomasia, akamwomba kiberiti, akaondoka zake.

Sasa tamaa ilikuwa imemzidi akili. Alitaka malisho ya mpakani yenye uwanja wa ndege uliotelekezwa, na ardhi ile huuziwa raia tu. Kwa kuwa mama yake, mpima madini wa kigeni, alimzalia katika mji huu mdogo wa milimani, na nafasi ya baba kwenye cheti ilikuwa tupu, Haak aliamua kuijaza. Alimnunua mpwa mlevi wa marehemu Sooronbek, mchunga farasi, naye huyo akaapa mahakamani kuwa Haak ni damu ya mjomba wake. Mahakama ikaamuru cheti kirekebishwe: jina jipya, baba mpya, uraia wa kuzaliwa.

Cheo, magari, mapesa. Bado akaona amwibie maiti.

Perizat aliingia ofisi ya msajili, akakaa kwenye benchi kama mtu aliyekuja kuandikisha ndoa. Haak alikuwa amesimama mezani, kichwani kalpaki nyeupe mpya, kofia ya Wakirgizi, lebo ya bei ikining'inia kisogoni. Pembeni aliketi Uulkan, mjane wa Sooronbek. Alimkazia Haak macho.

"Unasema wewe mtoto wa mume wangu," alisema. "Haya, nitajie babu zako saba, kama kila mtoto wetu ajuavyo."

Haak alicheka, akamjibu kwa Kikirgizi cha kuchechemea kwamba babu hawapigi mihuri.

"Hata punda wa Sooronbek ana ukoo kukushinda."

Msajili alimwomba bibi radhi. Amri ya mahakama ilimfunga mikono. Akaandika, akapuliza wino, akagonga.

Haak alikibusu cheti.

Perizat alibonyeza kitufe kwenye ukosi wa koti. "Mwewe hapa. Chai imechemka."

Nje, injini zilinguruma. Lori la sufi lililokuwa likisubiri nyuma ya Lexus lilizingirwa na askari, na chini ya sufi wakayakuta makombora. Haak alichungulia dirishani, kisha akatoa pasipoti kwa utulivu wa mtu anayetoa leso.

"Nina kinga. Umesahau?"

"Kinga hiyo ya wageni. Wewe raia, baba yako Mkirgizi. Umesimama hapo umekibusu cheti, tumekuona sote."

"Balozi wangu atakuja."

"Aje. Ataulizwa raia wetu anamhusu nini."

Uso wa Haak ulipauka. Mkono wake ukachomoka kuelekea kiunoni, kwenye bastola yake ya Glock. Perizat alikuwa amekwisha fika. Kitako cha bastola yake, Makarov, kilimvunja Haak kiwiko, Glock ikateleza chini ya jiko la makaa. Haak alipiga magoti, kalpaki ikamfunika macho.

Perizat alimfunga pingu kama anavyofunga mtu gunia la viazi vibovu.

"Mpuuzi wewe," alimwambia taratibu. "Sisi tulikuwa tunatafuta namna ya kukuvua kinga. Umejivua mwenyewe, tena kwa gharama zako."

Walipomtoa, Uulkan alimshika Perizat mkono. Aliuliza jina la mume wake litakaa juu ya uchafu ule mpaka lini. Perizat alimweleza kwamba mwendesha mashtaka ataomba cheti kibatilishwe, ila baada ya hukumu. Wakikibatilisha kabla ya hapo, wangemrudishia Haak kinga yake.

Bibi hakumwachia mkono.

"Na huko jela mtakuwa mnamwita mwana wa Sooronbek?"

"Hapana, mama. Huko tutamwita kwa namba."

Perizat alifunga vifungo vya koti, akatoka kwenye upepo wa mlimani, akawasha Niva.